Panya Thelathini na Sita

Sauti ilikuja Jumatano baada ya isha,
"imetumwa mara nyingi," simu yasema,
ya mtu mwenye kikohozi cha heshima
anayejiita daktari bila kutaja hospitali.
Chemsha mwarobaini, vikombe viwili kwa siku,
vidonge vya sukari vitupe chooni
kabla figo hazijawa changarawe.
Na mama, aliyefunza hesabu Majengo
miaka thelathini na moja,
aliyetia mkasi wa wino mwekundu
kila jibu lisiloonyesha njia,
akachemsha.

Jumamosi nikapanda ngazi za maktaba ya chuo, Tudor,
shati limenigandia mgongoni.
Umazi Chirima, mkutubi,
alikuwa akimenya chungwa juu ya daftari la waazimaji.
Nikamwambia, nataka ukweli kuhusu mwarobaini.
Akafuta vidole, kimoja kimoja.
"Ukweli hatuna.
Tuna hifadhidata."

Akaniandikia nywila nyuma ya karatasi ya Kongowea
(upande wa pili: nyanya, dania, pilipili mbuzi)
na skrini ikafunguka nyeupe, kavu,
hakuna picha, hakuna wa kukohoa.
Nikaandika: dawa ya sukari.
Matokeo elfu arobaini na kitu.
Umazi akacheka kwa pua.
"Umeingia sokoni ukaita, 'Wee mama!'
Wamegeuka wote."

Basi tukaita kwa jina.
Mwarobaini kwa Kilatini chake, kigumu mdomoni kama kungu,
"na" kisukari aina ya pili,
"na" miaka kumi ya karibuni,
"na" zilizopekuliwa na wajuzi wengine kabla ya kuchapwa.
Kila "na" moja, umati ukapungua
kama wageni wa arusi waliosikia pilau limekwisha.

Ya kwanza kuifungua ilinikata maini.
Siku ishirini na nane. Sukari imeshuka.
Imeshuka kweli, na jedwali lipo!
Nikamwona yule bwana wa kikohozi akitabasamu.
Umazi akaweka ukucha wenye harufu ya chungwa
juu ya mstari nilioruka:
panya thelathini na sita, madume.
"Ongeza neno," akasema.

Nikaongeza: binadamu.
Zikabaki nne.
Moja imelipiwa na wauzaji wa vidonge vya mwarobaini.
"Si lazima iwe uongo," akasema Umazi,
"lakini mpishi hawi shahidi wa pilau lake."
Ya mwisho nikaisoma hadi kwenye marejeo,
polepole, kama mtu avukaye matope:
watu hamsini na wawili, watano walijitoa,
sababu zao zimeandikwa.
Na mwishoni, bila haya, waandishi wakasema
hatujui bado;
mgonjwa asiache dawa yake.

Nikachapa kurasa tisa, shilingi kumi kila moja.

Mama alianza na ile ya panya.
"Kwani mimi n'panya?"
Kisha ile nyingine, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi,
akijumlisha safu kwa midomo.
Ukurasa wa sita akachora duara:
"Hapa hamsini na mmoja. Mwambie huyo mkutubi wako."
Lakini hakuitupa. Akaipiga pasi kwa kiganja.
"Huyu waona, kaonyesha njia.
Akikosea, nampata."

Akaniomba nimchezee ile sauti tena.
Akaisikiliza yote, kalamu imeinuliwa,
kama amsubiriye mtoto ubaoni.
Bwana akakohoa.
Kalamu haikupata pa kutua.

Usiku ule akameza kidonge kwa maji ya mtungi.
Sufuria ya mwarobaini hakuimwaga.
Ameifunika kwa sahani, juu ya kabati,
na nilipomuuliza ya nini, akasema
inasubiri watu wengi zaidi.